Dripu ya Mzee Bazilio

Shangazi Rabia, shikamoo. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya huku Kibondo, kwetu ni Songea, na nakuandikia kwa sababu niliifunga dripu ya baba wa mchumba wangu na sasa amezikwa, sijui niuweke wapi uso wangu.

Posa ya Castory ilishapokelewa kwetu, Shangazi, tulikuwa tunangoja mavuno tu, ndipo wakamleta baba yake, Mzee Bazilio, kwa pikipiki, homa ya mapafu imemlaza nyumbani wiki nzima, mikono ya baridi, presha imeshuka hadi mashine inashindwa kusoma, nikimbonyeza ukucha unabaki mweupe, damu hairudi, nikamwekea oksijeni na dawa, nikamtundikia chupa ya kwanza na ya pili huku nabonyeza ukucha na kusikiliza kifua, maana tulifundishwa maji hutiwa kwa kumtazama mgonjwa, na ya tatu ilipoanza tu nikasikia kifua kinachemka, mishipa ya shingo imevimba, pumzi fupi fupi, nikajua moyo umechoka, maji hauyasukumi tena, yanatuama mapafuni, nikaifunga, nikaanza dawa ya kupandisha presha na kuita gari la wagonjwa.

Huku mgonjwa hupimwa kwa chupa, anayekuja kumwona huuliza kwanza ametundikiwa ngapi, na mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, akaiona ile chupa imejaa inaning'inia tu, akasema, "Mwanangu, mbona unamnyima mzee maji?" nami nikamjibu, "Mama, toka nje kwanza," na hilo ndilo neno langu la mwisho kwake mpaka leo.

Mzee alifia hospitali kubwa huko Kasulu siku ya pili yake. Mazishini nilisimama nyuma kabisa nikaondoka kabla ya chakula, na naambiwa wageni wakiuliza alitundikiwa chupa ngapi, mama anajibu, "Mbili, ya tatu mkamwana aliifunga." Castory hapokei simu. Jumamosi wanaanua matanga, nami nimeshaomba uhamisho. Najuta sana, Shangazi, lakini si dripu ninayoijutia, ingekuwa leo ningeifunga tena. Naomba uisome hii hewani, mama mkwe husikiliza kipindi chako akichambua maharage, huenda akisikia kwako ataelewa. Niende au nihame?

Yusta

*

Marahaba, Yusta. Pole kwa msiba. Nakupa pole kwa sababu na wewe umefiwa, ingawa siku zote hizi umejificha kwenye utabibu.

Nilimsomea barua yako daktari mmoja ninayemwamini, akasema hata yeye angeifunga. Kwa hiyo dripu tuiache, tuje kwenye mdomo wako. Mwanamke anamwona mumewe anakata roho, anakuuliza swali moja kwa adabu, tena anakuita mwanangu, wewe unamtoa nje. Haya, mikono yako ilikuwa na kazi, hapo nakusamehe. Lakini mzee alipopandishwa kwenye gari ulikuwa wapi? Na mazishini je? Mimi sijawahi kushika hata sindano, ila kwa mistari yako michache nimeelewa kwa nini maji yalifungwa. Mama naye angeelewa. Ulimwacha na alichokiona: chupa imejaa, mume amekufa.

Uhamisho kaufute. Ukihama sasa, umekubali kwamba ulimnyima.

Ijumaa, kabla watu hawajajaa, nenda kwake na khanga, koti jeupe liache kazini. Usianze na dripu, anza na pole, ukae chini. Akikusema, sikiliza, usijitetee. Akimaliza, omba mkono wake, mbonyeze ukucha, muoneshe unavyokuwa mweupe na damu inavyorudi, umwambie, "Mama, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta kwa baba, na maji hayakuweza kuirudisha." Mkilia, lieni. Castory mwache kwanza, hatakusikiliza kabla ya mama yake. Na ndoa sikuahidi, mwanangu, huenda imeshapotea. Nenda hivyo hivyo.

Ombi lako la redioni nimelikataa, ndiyo maana nakujibu kwa barua. Jumatano nitasoma shida ya mtu mwingine kabisa, na mama atachambua maharage yake mpaka kipindi kiishe bila kusikia lolote juu ya mumewe. Atalisikia kwako, au hatalisikia kabisa.

Shangazi Rabia