Baba Bado Anajua Kula Sardini

Komiža,
Kisiwa cha Vis.
14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Jerko,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Ndivyo Mama alivyotulea. Hujambo? Marisol hajambo? Na Danica, kile kikohozi kimemwacha? Huko kwenu Antofagasta, upande wa kusini wa dunia, nadhani sasa baridi inaondoka. Huku sisi tu wazima. Goti langu linanisumbua kila mawingu yakitanda, lakini mizabibu imezaa vizuri na wiki ijayo tutavuna, Mungu akipenda. Basi, salamu zimekwisha.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu unasema, "Dada, nisikilize kwanza," na mimi mjinga nakusikiliza, mwaka wa kumi na tisa sasa. Karatasi huwezi kuikatiza. Ndani ya bahasha utakuta kifurushi kidogo kimefungwa kwa uzi wa nyavu. Usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua, umeshakishika. Kiweke chini.

Fomu ya makao ya wazee ya kule mjini Split imefika. Sahihi yako ipo, imebaki yangu, nawe unanihimiza nifanye haraka kabla ya majira ya baridi, kwa kuwa Baba "hawezi tena kula mwenyewe na amekata tamaa ya kuishi." Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Nimekasirika tangu siku hiyo na bado sijapoa.

Tuanze na ule mwiba wa mwezi wa Mei, maana wewe ndiko unakoanzia kila mara. Unasema Baba alikwamwa na mwiba kooni kwa sababu ni mzee wa miaka themanini na sita na mikono inatetemeka. Sikukujibu wakati ule kwa sababu nilikuonea huruma. Leo sikuonei. Ilikuwa saa saba mchana, sardini wa kwanza wa mwaka walikuwa mezani, na Baba alikuwa na kipande mdomoni. Nani alipiga simu? Nani alisema, "Baba, nionyeshe uso, mbona unainama?" Umesahau kwamba nyumbani kwetu mtu akila samaki haongei? Mama alikuwa akitupiga kijiko cha mkono kwa kosa hilo. Baba aliinua uso ili wewe umwone, akacheka, akajibu, na mwiba ukapita na jibu. Miaka themanini mdomo ule umechambua miiba bila kukosea, ukakosea siku moja, kwa ajili yako.

Halafu kutoka huko mbali ukatoa amri. Ukamtafuta Nevenka aje kupika. Ukamtumia orodha: samaki mweupe, bila ngozi, bila mwiba, achemshwe kwa mvuke, sardini marufuku. Ukaagiza na jiko la gesi la kuchomea ili Baba asivute moshi. Nevenka simlaumu, ni mama mwema na anafuata alichoambiwa. Jiko lako nalo lina faida, kuku wa jirani hutagia ndani yake.

Siku ya kwanza Baba alikitazama kile kipande cheupe kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Nevenka kwa adabu kabisa, "Mama, hiki nani ameshanitafunia?"

Tangu hapo akawa anakula mkate na kusukuma sahani pembeni. Juni, Julai, Agosti. Amepungua kilo tisa. Mkanda wake ametoboa matundu mapya kwa msumari, mawili, na alipoona namtazama akasema eti ngozi ya mkanda imelegea. Wewe ukimwona kwenye simu unasema, "Baba amekonda, ni uzee." Uzee gani, Jerko? Ni njaa! Umemtia baba yako njaa kwa upendo wako, na mimi nimekusaidia. Hilo nalikubali mbele ya Mungu. Vicko jirani alipokuja na ndoo ya samaki nilimrudisha mlangoni kwa mikono yangu hii, mara tatu, Baba akiwa dirishani. Hasira niliyo nayo juu yako, nusu yake ni yangu.

Sasa nikueleze ya Jumapili iliyopita. Nevenka alikuwa na mapumziko yake. Vicko akapita na sardini waliotoka majini alfajiri, migongo bado ya buluu, miili imekakamaa. Hakusema na mimi. Alisimama uani akapaza sauti kuelekea dirishani.

"Mzee Bartul! Bado uko hai, au nikawape paka?"

"Wape paka, wewe mwenyewe ule kichwa cha paka!" Baba akajibu, na sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu Mei. "Ingia, mwizi mkubwa wewe. Tonka, washa moto."

Nikawasha. Usiniulize kwa nini, nilichoka kuwa askari jela wa baba yangu. Nikachukua kisu nianze kuwapasua matumbo, kama inavyosema orodha yako kuhusu samaki wote. Baba akaja na fimbo yake mpaka kwenye meza ya mawe.

"Unafanya nini?"

"Nawasafisha, Baba."

"Wamekuwa baharini maisha yao yote, wewe ndiye wa kuwasafisha? Weka kisu chini."

Umekaa huko jangwani Antofagasta muda mrefu, basi nikukumbushe, labda ulimi wako utasikia aibu. Sardini hapasuliwi, haparuliwi magamba, hakatwi kichwa. Anatoka majini anaingia kwenye chumvi ya mawe, saa moja, zaidi ya hapo chumvi inamkausha. Moto ni wa matawi ya mizabibu yaliyopogolewa, na unangoja mpaka moshi uishe kabisa na makaa yaanze kuvaa majivu. Gesi haina majivu. Wavu wa chuma uwe wa moto kabla samaki hajalala juu yake, la sivyo ngozi inabaki pale. Anageuzwa mara moja tu. Unampaka mafuta ya zeituni kwa tawi la rozmari lenye harufu, kidogo, siyo kumwogesha. Magamba yanakuwa ganda, mafuta yake yanabaki ndani, na ule uchungu mdogo wa tumboni ndio unaofanya nyama iwe tamu. Ukimpasua, utamu wote unadondokea kwenye makaa, unabaki unatafuna pamba. Na limau! Marisol aliponikamulia limau juu ya samaki kule harusini kwenu nilinyamaza kwa sababu alikuwa bibi harusi.

Tulikaa watatu, mimi, Baba na Vicko. Mkate, viazi na mboga, divai iliyotiwa maji. Vidole tu, hakuna uma. Hakuna aliyesema neno. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti, macho kwenye koo la Baba, samaki wangu akipoa. Akamshika wa kwanza kwa kichwa, akabonyeza mgongo kwa kidole gumba, akanyanyua nyama ya upande mmoja, akamgeuza, akanyanyua ya pili. Mikono ilitetemeka mpaka ilipomgusa samaki. Hapo ikatulia.

Saa saba kamili simu ikalia. Wewe, kwako ikiwa asubuhi, ile saa unayopiga kila siku kabla hujaenda kazini. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Baba hakuinua uso. Alinyoosha kidole chenye mafuta akaonyesha sanduku la mkate, nami nikaitia humo nikafunika. Ukapiga mara sita, Jerko. Mara sita tukakusikia ukilia ndani ya mkate, Vicko akauma mdomo asicheke, na Baba akaendelea kula.

Alikula kumi na mmoja. Alipomaliza wa mwisho akafuta vidole, akanywa, ndipo akasema, "Yule mtoto anapiga saa ya chakula. Hakufunzwa?"

Nikamwambia, "Ulimfunza wewe."

Akakusanya makombo ya mkate kwa kiganja. "Mwambie apige saa tisa. Saa tisa nina muda wake wote."

Sijawahi kulia mbele ya Vicko, siku hiyo nililia, kwa furaha na kwa hasira, hata sijui kipi kilitangulia. Kisha nikafungua simu nikakuta ujumbe wako kwamba sina huruma, nimemwacha mzee peke yake, na fomu isainiwe wiki hii. Huruma! Unayajua makao hayo, wewe? Mimi nimekwenda kuyatazama. Ni safi, watu wake ni wazuri, na chakula kinaletwa kwenye trei, cheupe, bila mwiba.

Sitasaini. Usinipigie kuhusu hilo, wala usimtume padri. Nevenka ataendelea kuja kufua na kumpa Baba kampani, na nimemfundisha kungoja majivu. Fomu nilitaka kuwashia moto, lakini karatasi zake zinateleza na kunuka, zingeharibu samaki. Nimeitandika chini ya kuku, ndani ya jiko lako la gesi.

Ukitaka kuamua Baba ale nini, njoo ukae naye mezani. Sardini watakuwa na mafuta mpaka mwezi wa kumi. Kitanda chako bado kipo, na nikikuona nitakupiga kijiko kwanza, ndipo nikukumbatie.

Msalimie Marisol, mwambie la limau nimeshamsamehe. Wabusu watoto, Danica na Tomás. Vicko anakusalimu, anasema ulikuwa mpiga kasia mbaya. Bikira Maria akufunike wewe na nyumba yako, na akupe akili.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata leo,
Tonka.

Haya, sasa fungua kifurushi. Huo ni uti wa mgongo wa sardini wa kumi na moja. Baba aliusuuza kwa maji ya bahari, akauanika ukutani siku mbili, akaufunga mwenyewe kwa uzi, fundo ni lake. Tazama: kichwa kipo, mkia upo, hakuna mwiba uliovunjika, hakuna nyama iliyobaki. Nilimuuliza nikuandikie nini kuhusu hali yake. Akasema, "Usiandike kitu. Mpe huo asome."

T.