Safari ya Uani

Kwako Baba Salma,

Barua tulizofundishwa kuandika utotoni zilianza na mwandishi kusema yeye ni mzima wa afya, wasiwasi wake ni kwa yule anayeandikiwa. Hii yangu nimeigeuza. Wewe umeshapumzika, Mungu akurehemu. Huna baridi, huna boila ya maji moto ya kupigwa teke ndipo iwake, huna jirani wa kutoboa ukuta kila Jumapili. Wasiwasi ni kwangu mimi, niliyebaki hapa Ilford, London, na faili lako la Australia.

Salma kapata likizo ya wiki tatu kazini kwake hospitalini. Anataka anipeleke kule kule, Australia ya Magharibi, kwenye fukwe zako na nyika zako. Jibu analitaka kabla ya Ijumaa, nakwenda au siendi, ili akate tiketi. Mpaka juzi nilikuwa nimeshampa majibu saba. Mara mimea yangu ya dirishani itakauka, mara Bi Zuhura atanuna, mara jua la huko litanichoma mtu niliyezoea kulisikia jua kwenye habari tu. Hakuna hata moja lililokuwa ndiyo, wala hapana. Mtoto wa watu ananitazama kama mgonjwa anayekataa kumeza dawa.

Unakumbuka siku jambo hili lilipoanza? Ulirudi kutoka kituo cha mabasi umelowa chapachapa, na ndani ya koti lako la kazi, mahali pekee palipobaki pakavu mwilini mwako, ulikuwa umehifadhi kijitabu ulichopewa kwenye duka la wakata tiketi. Jalada lilikuwa na ngamia wanaotembea pwani. Ulikifungua mezani kabla hujavua viatu, ukanimwagia maji sakafu yote niliyotoka kuipiga deki.

"Mama Salma," ukasema, "kuna pwani ina ngamia na haina jamaa zetu hata mmoja."

Nikajua hapo nimekwisha.

Kiingereza chako kilikuwa kizuri, sikikashifu. Kilikuwa cha miaka na miaka ya kuzungumza na madereva kwenye redio. Lakini kilikuwa Kiingereza cha mabasi. Ulipofika kwenye neno "outback", ukalifungua kipande kwa kipande kama mtu anayemenya chungwa. Out ni nje. Back ni nyuma. Nje, nyuma ya nyumba, basi ni uani. Na kijitabu kinasema uani kwao ni mwendo wa siku tatu kwa gari. Ulinitazama kwa huruma ya kweli, ukaniuliza masikini ua kama ule unafagiwa na nani. Ukurasa wa pili ukakuta mji unaitwa Broome, ambao masikioni mwako haukuwa chochote ila broom, yaani ufagio. Basi kila kitu kikakaa mahali pake. Watu wana ua wa siku tatu, na wamejenga mji mzima wa ufagio wake.

Salma, siku hizo akiwa bado msichana wa sekondari, alikueleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba hilo ni jina la nyika, bara kavu huko ndani kusikokaa watu wengi. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamshukuru kwa maelezo, ukaendelea kuita uani. Baada ya wiki moja nyumba nzima tulikuwa tunaita uani.

Kosa lako lilikuwa kuwatangazia watu. Siku ya Idi, sebule imejaa, vikombe vya chai mikononi, ukasimama kama mgeni rasmi ukasema mwakani, inshaallah, wewe na Mama Salma mnakwenda uani Australia. Sasa kwetu mtu akisema anakwenda uani haulizwi la pili. Anaachwa akajisaidie. Bi Zuhura, niliyekua naye kwetu Wete, Pemba, na ulimi wake unaujua, akauliza taratibu kwani choo cha Ilford kimeharibika. Ulicheka mpaka chai ikakutokea puani. Tangu hapo, kila tukikutana na watu wetu, kwenye harusi au kwenye hitima, swali lilikuwa moja: mmeshakwenda uani?

Hatujakwenda. Lakini mipango, Baba Salma, mipango tuliila na kuilala. Uliipima ramani ya atlasi ya Salma kwa uzi wangu wa cherehani na kwa shibiri zako. Kutoka Perth, mji wa kushukia ndege, mpaka Ufagioni ilikuwa shibiri moja kasoro, ukasema tukiondoka baada ya sala ya alfajiri tutafika kwa chai ya jioni. Salma akakuonyesha Uingereza kwenye ukurasa wa dunia nzima. Yote, na Ilford yake, na kituo chako cha mabasi, na sisi tuliokaa mezani, ilifunikwa na ukucha wako wa kidole gumba. Uliutazama ule ukucha muda mrefu, kisha ukaomba karatasi nyingine.

Na ratiba yako ilikuwa ratiba. Mpanga safari za mabasi hawezi kwenda hata sokoni bila karatasi ya mistari. Kuondoka saa kumi na mbili na dakika kumi, kupumzika saa mbili kamili, dakika nne za kunyoosha miguu, dakika sita za malalamiko ya Mama Salma. Nilikuuliza kwa nini malalamiko yangu yamepewa dakika nyingi kuliko miguu. Ukasema umekadiria kwa uzoefu.

Halafu kila mwaka, wakati wa kukata tiketi ukifika, safari inaanguka, na anayeiangusha ni wewe. Mwaka wa kwanza ulisema joto, ngozi yako imeshazoea ukungu wa hapa. Mwaka wa pili ulikuja na kitabu cha maktaba chenye picha za nyoka, ukanisomea mmoja mmoja kwa jina. Mwaka wa tatu kazini hawakuachii. Wa nne ukawa na goti. Na goti hilo nililisugua mafuta ya karafuu baridi nzima, mpaka abiria wa basi wakawa wananinusa na kuhama viti. Siku moja nilikuona unachechemea mguu wa kushoto ilhali linalouma ni la kulia. Nikasema moyoni, hayo ndiyo maradhi ya utu uzima, yanatembea.

Sikukuachia. Nilikuita Msafiri wa Mezani. Nilikusimulia kwa wanawake wenzangu ukumbini, wewe uko upande wa pili unasikia, kwamba nimeolewa na mwanamume aliyekwenda Australia mara nyingi na hajawahi kutoka jikoni. Bi Zuhura alikuwa anashika mbavu. Wewe ulikuwa unatabasamu tu, unaomba kashata nyingine. Hukunijibu hata siku moja, na mimi ukimya wako niliuhesabu kuwa ni kushindwa.

Sasa nisikilize. Jumatatu Salma aliniomba nambari ya pasipoti yangu, "just in case, Mama," ati ikija kuhitajika. Nikaenda kwenye faili lako nikijua pasipoti yangu imekufa siku nyingi. Nikaikuta mpya. Kumbe uliponiambia nipige picha, ati ya kadi ya maktaba, ilikuwa ya hii, nami kwa ujinga wangu nikaipiga, na fomu nikaitia saini bila kuisoma, kama ninavyotia saini kila unachoniletea. Nyuma ya pasipoti kulikuwa na ratiba zote, umezibana pamoja, na juu yake karatasi moja ya kazini kwenu, ile mliyokuwa mnaandikia kila basi lililochelewa na kwa nini limechelewa. Umeifuta mistari yake ukachora ya kwako. Safu ya kwanza mwaka. Ya pili, "Sababu." Ya tatu, "Ya kuwaambia watu."

Mwaka wa kwanza. Sababu: Mama S. bado. Ya kuwaambia watu: joto.

Mwaka wa pili. Sababu: Mama S. bado. Ya kuwaambia watu: nyoka.

Mwaka wa tatu. Sababu: Mama S. bado. Ya kuwaambia watu: kazi.

Mwaka wa nne. Sababu: Mama S. bado. Ya kuwaambia watu: goti. Na pembeni, kwa herufi ndogo: la kulia, usisahau.

Nilikaa chini, Baba Salma. Nilikaa kwenye kiti chako na kucheka kwanza, kwa ajili ya lile goti, kisha nikalia kwa sauti mpaka jirani akaacha kutoboa ukuta.

Kwa sababu najua ulichokiona. Ulikiona kwenye ile ndege ndogo ya Unguja kwenda Pemba, mara ya mwisho tuliyokwenda kwa mama yangu. Iliruka kidogo tu kwenye mawingu, watoto wadogo walikuwa wanacheka, na mimi nilikushika mkono nikasoma kila sura niliyoijua, na zilipokwisha nikaanza upya. Tuliposhuka mkono wako ulikuwa na alama za kucha zangu tano, na mbili zilikuwa zinatoka damu. Ndugu zangu walipouliza, mimi ndiye niliyewahi kujibu. Nikasema shemeji yenu ni mwoga wa ndege, alikuwa akijifinya. Wakakucheka wiki nzima. Ukawaacha wakucheke. Tangu tuliporudi London sijapanda ndege, hata ya kwenda nyumbani, na kila mara sababu zilikuwa zako. Nami nilipozipokea nilikuwa napumua, nikidhani pumzi ile naisikia peke yangu.

Ulikuwa unangojea nikuambie, na ulichopata kwangu ni jina la Msafiri wa Mezani. Nisamehe. Nalisema wazi kwa sababu ukiwa hai nilikuwa najua kusema kila kitu isipokuwa hilo.

Jumanne jioni Salma alipokuja kula nilimwambia. Nilimwekea wali na mchuzi wa pweza ili mdomo wake uwe na kazi, nikasema, mwanangu, si mimea wala si Bi Zuhura. Mimi naogopa ndege. Naogopa tangu ulipokuwa mdogo, na baba yako alijua, na goti lile halikuwa goti.

Unamjua mtoto wako, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza kama mtu anayerudisha sahani ya jirani ikiwa na chakula kingine. Safari hii aliweka kijiko chini.

"Basi utanishika mkono mimi," akasema, kwa Kiswahili chote.

Nikamwambia mkono wa baba yake ulikuwa mnene, umekomaa kwa usukani kabla hajapewa ofisi, na wa kwake ni kijiti, nitauvunja kabla hatujavuka Ulaya.

"Mimi nesi, Mama. Nitaufunga bandeji kabla ya kupanda."

Basi ndiyo hivyo. Jibu nimempa, na leo ni Alhamisi, kwa hiyo nimewahi. Hofu haijaondoka, usije ukajidanganya. Usiku nikifumba macho nauona ule ubawa wa ndege. Lakini sasa najua kwamba hofu yangu ilikuwa na mtu aliyeibeba miaka yote, akachechemea kwa ajili yake, na siyo haki aendelee kuibeba huko aliko.

Sanduku nimelianza. Nilitia chupa mbili za achari ya embe na papa mkavu wa kutosha, maana sijui hao watu wanakula nini huko uani kwao. Salma kavitoa vyote. Anasema forodha ya Australia hawana mchezo na chakula, wana mbwa wa kunusa, na papa yule hahitaji mbwa. Tumegombana kidogo. Nimebakisha kofia, miwani ya jua uliyoninunulia na sijawahi kuivaa, na kibunda cha uzi wa cherehani, ule ule, nipime mwenyewe ile shibiri.

Ratiba yako tunakwenda nayo. Salma kaisoma, kasema kwa mwendo uliouandika tutakamatwa na polisi siku ya kwanza, lakini vituo vya kupumzika vyote ni sawasawa. Dakika zangu sita za malalamiko amezifanya kumi na tano. Nimemwambia mtoto huyu ana uzoefu kuliko baba yake. Na nikifika Ufagioni nitauangalia huo ua wao kwa niaba yako, nione unafagiwa na nani.

Imebaki ile karatasi ya mistari. Mstari wa mwisho ulikuwa umeuchora ukauacha mtupu. Nimechukua kalamu yako. Mwaka, nimeandika huu. Kwenye sababu nimeandika Mama S. tayari. Safu ya tatu nakuachia wewe, kwani huko uliko ndiko waliko wengi wanaonijua siku hizi, mama yangu, ndugu zako, na Bi Zuhura naye atafika siku moja na ulimi wake. Wakikuuliza mkeo yuko wapi, mbona kachelewa hivi, usiwape joto wala goti. Waambie yuko uani, anakuja.

Ni mimi mkeo, mwenye kucha,
Mama Salma