Maksai Aliyependwa Mno

Ciku wangu,

Mimi nyanya yako, Shosho wako, niko salama, na mvua ya Rongai imeanza vizuri. Mamako anakusalimia. Ng'ombe yule mweupe amezaa.

Uliniuliza kwa simu mtu anawezaje kunenepa na bado akose nguvu ya kuinuka kitini. Hata mimi nilimwuliza daktari huko Nakuru. Akanibonyeza paja, akasema misuli imepungua na mafuta yamechukua nafasi yake. Nikizidi kukaa tu, nitaanguka, na sukari itapanda.

Nikirudi nyumbani nilimkumbuka Mbogo, maksai wa baba yangu. Nikiwa msichana, baba alimwonea huruma akamwondoa kwenye plau msimu mzima. Tulimletea majani na pumba za mahindi palepale alipofungwa. Aling'aa! Majirani walisimama kwa ua kumsifu. Mvua iliporudi tukamfunga nira, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza akapiga magoti. Maksai mwembamba wa jirani ndiye aliyetulimia.

Baba hakumchinja. Alimfunga kigogo chepesi akamtembeza nacho kila asubuhi, halafu kingine kizito kidogo. Msimu uliofuata Mbogo alilima.

Sasa najiuliza, kamba yangu mimi ilifungwa lini? Nikisimama tu mnasema, "Shosho, keti," na chai na chapati vinanifuata nilipo. Ni mapenzi, najua. Hata Mbogo alipendwa.

Lile jembe langu ambalo mamako alilificha nyuma ya tangi, nimelipata. Usimwambie.

Shosho