Bawa Kitandani

Eckhart,

Madonge ya viazi yamo kwenye friji, yapashe moto. Paka keshakula, asikudanganye. Mimi niko kwa msusi.

Unauliza kwa nini? Alfajiri nilidhani ni wewe uliyejifunika duveti la marehemu mama. Nikakukumbatia gizani, nikakuomba radhi kwa kusema jana kwamba ndege zako za rimoti zinajua kuanguka tu. Ukanyamaza. Nikasema moyoni, leo mume wangu kapoa, halafu ana joto zuri! Nikasinzia.

Kumbe ni bawa! Bawa la ndege yako, mita tatu, limelazwa na chupa mbili za maji ya moto, eti gundi haikauki kwenye baridi. Na wewe unakoroma kwenye kochi, usije ukalipinda.

Hongera, gundi imekauka. Imekauka na nywele zangu. Nimezikata kwa mkasi wa kukatia kuku. Zilizobaki kwenye bawa usizing'oe, utalichubua. Jumapili zipande nalo mlima Wasserkuppe, huko unakorushia ndege zako.

~~Nimekusamehe.~~ Nimelisamehe bawa, maana lilinisikiliza mpaka mwisho.

Niliyoliambia ni mengi na matamu, na sirudii. Kaliulize.

Mkeo