Ngamia wa Shavu la Kulia

Isiolo, 4 Mei 2024

Kwa baba mpendwa,

Salaam aleikum. Natumaini wewe, mama na ngamia mko wazima huko Sericho. Mimi ni mzima, ila vidole vimejaa wino.

Baba, ukija Isiolo sasa utapotea. Ule ukuta mrefu wa sokoni uliokuwa na matangazo ya rangi za nyumba, kisha nyuso za wagombea, vijana wameuchora wote: twiga, akina mama wa miraa, hata fundi viatu wa stendi. Wakichoka wanafuta, wanachora upya. Nasi tunaochapa picha tutafungua maonyesho yetu tarehe 25, ukumbi wa vijana. Nachonga ubao, napaka wino, nalaza karatasi juu, nasugua kwa mgongo wa kijiko. Nimechonga ngamia wetu, na alama ya ukoo wetu tunayowachoma ngamia shavuni. Ndiye mkubwa kuliko picha zote, yuko mlangoni. Nakala moja nampa dereva wa lori akuletee.

Najua unasema kuchora ni mchezo wa watoto. Njoo uone mara moja tu, halafu useme tena.

Binti yako,
Kabale

Sericho, 12 Mei 2024

Kwa binti yangu,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, mvua imenyesha kidogo. Mama yako anauliza kama unakula.

Picha imefika. Niliifungua kisimani mbele ya wanaume, nimejivuna kama bwana harusi. Wakaangua kicheko. Kabale, umesahau kwenu? Alama ni moja kwa kuwa ukoo ni mmoja, lakini sisi tunachoma shavu la kushoto. La kulia ni la Salad! Salad yule tuliyegombana naye kwa maji wakati wa ukame, akahamia Biliqo, na sijamsalimu tangu hapo. Sasa binti yangu amemtundika ngamia wa mtu huyo mlangoni, Isiolo nzima ione. Siji.

Baba yako,
Abass

Isiolo, 16 Mei 2024

Kwa baba,

Salaam aleikum. Naona haya kukuuliza hali, lakini nauliza.

Sikusahau. Kwenye ubao nilichonga shavu la kushoto, wallahi. Picha ikichapwa hugeuka, kushoto huwa kulia. Maandishi huwa nakumbuka kuyachonga kinyume, lakini kwa ngamia sikufikiria. Nimemwondoa mlangoni, na siwezi kumaliza mwingine kabla ya siku yenyewe. Nimelia, baba. Si kwa ajili ya picha, ni kwa kuwa hutakuja.

Binti yako,
Kabale

Biliqo, 21 Mei 2024

Kwa Kabale, mwanangu,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, mgongo tu unaniuma kwa safari. Acha kulia.

Niliona heri nimpelekee Salad picha mwenyewe kabla watu hawajamfikishia, nimwambie mtoto hakukusudia. Aliishika muda mrefu mpaka nikadhani anatafuta tusi. Akasema, "Abass, huyu tu ndiye niliyebaki naye."

Ukame uliwamaliza ngamia wake wote, binti yangu. Shavu la kulia halina tena mnyama aliye hai. Nami nilikuwa nimenuna, sikuuliza. Tumelia pamoja, wazee wazima, mpaka chai ikapoa.

Mrudishe mlangoni, na chini uandike jina la Salad. Tunakuja naye. Wala usijisumbue kuchonga mwingine wa upande wetu. Wetu wako malishoni wanakula. Huyu wa Salad hana pengine pa kukaa.

Baba yako,
Abass