Mafuta ya Mkaratusi na Mguu wa Baba

Pioneer, Eldoret

Kwa Baba mpendwa, Mzee Kinuthia,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na hata yule ng'ombe wako mkaidi. Natumaini mvua ya huko Plateau imewaachia mahindi kidogo. Mimi mwili ni mzima, ila roho haitulii. Barua hii nimeianza na kuichana tangu juzi.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Baba, wewe simu unaiweka sauti ya juu, jirani yako Mzee Wahome na wateja wote wa dukani kwako wakisikia. Haya si ya dukani. Ndiyo maana namkabidhi Wilson wa bodaboda akupe mkononi leo. Tafadhali soma ukiwa peke yako.

Nianze na mazuri. Yale mafuta ya mkaratusi unayoyapika kwenye pipa tuliyapima hapa maabara. Mashine ilitenganisha vitu vilivyomo, na kilichozidi vyote ni sineoli, ndiyo ile inayokufungua pua ukivuta mvuke. Jemutai, mwenzangu wa kazi, aliyadondosha juu ya vijidudu vyetu vya majaribio, na kesho yake vikawa vimekufa kila mahali mafuta yalipofika. Nilijivuna, kusema kweli! Nikakupigia mbio mbio, nawe ukawatangazia watu kanisani kwamba sayansi imekubali, na hospitali ya misheni haina tena la kukuambia juu ya kile kidonda cha mguu.

Tangu hapo sijalala vizuri. Vijidudu vyetu ni vya kufugwa, Baba. Havijawahi kukutana na mguu wa mtu mwenye sukari.

Sasa nisikilize na usinikasirikie. Nilipokuja Jumapili nikakubadilishia bandeji, ile chafu sikuichoma kama nilivyokuambia. Niliifunga kwenye mfuko nikaja nayo Eldoret. Tukaotesha vijidudu vyako wewe mwenyewe, tukavitilia mafuta yako. Vilimea hadi chini ya tone lenyewe, rangi ya kijani, na ile harufu inayomfanya Mama afungue madirisha. Nilirudia nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea. Jemutai hakunificha, alisema mdudu huyo akiachwa huingia mfupani, na akifika huko madaktari hukata. Wewe unaikimbia hospitali kwa kuogopa kukatwa, kumbe kukimbia huko ndiko kutakakofanya ukatwe!

Dawa ya hospitali tuliijaribu pia. Hiyo ilimuua mdudu huyo.

Kesho asubuhi nakuja na gari la jirani yangu Kituyi. Usipake mafuta tena. Ukikataa kupanda nitaketi mlangoni mwa duka nilie, na unajua nikilia nasikika hadi wapi. Wale wa kanisani wakikucheka, waambie ni Nyokabi aliyeharakisha habari. Mafuta tutapika mengine, Baba. Mguu hatuwezi.

Nisalimie Mama sana. Mweleze wewe, mimi nimeshindwa.

Ni mimi binti yako, anayekupenda na kukuogopa vilevile,

Nyokabi