Mzaha wa Ndagala

Mpendwa pacha wangu,

Sijui uko upande gani wa ziwa, ndiyo maana barua hii naiacha wazi. Asome anayetaka, huenda mmoja wao akakufikishia.

Unakumbuka siku ya kwanza shuleni Fizi? Ulikuwa umeteremka kutoka Bibokoboko, kule mlimani kwa wafugaji, na sanduku lako la bati, tukawekwa dawati moja, na kabla ya juma kwisha wenzetu wakatuita mapacha, mimi mfupi mnene, wewe mrefu mwembamba. Mchana tulipewa ugali na ndagala, wale samaki wadogo wakavu wanaoliwa na vichwa vyao. Ulimtazama mmoja machoni, ukakunja pua, ukamsogeza ukingoni mwa sahani. Kwenu samaki hakuingia nyumbani, mlisema harufu yake inaharibu vyombo vya maziwa. Mimi hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba meza nzima inanisubiri nichekeshe.

"Mukitaka kujua muntu ya mulimani," nikasema, "mumupatie ndagala, muangalie pua."

Walicheka mpaka machozi. Hata wewe ulicheka. Mwaka mzima maneno yale yalizunguka shule, na mimi, mjinga, nikaona fahari.

Likizo nilikupeleka kwetu Lweba, kando ya ziwa. Mama alikukaangia ndagala kwa nyanya nyingi, akakuambia, "Anza na mukia, mwanangu. Kichwa itakuja yenyewe." Ulifika katikati. Kichwa hukukigusa kamwe, ulisema kinakuangalia.

Halafu ile safari ya Baraka. Tulikuwa watu wazima, wewe unafuata dawa ya ng'ombe wa baba yako, mimi narudi kwa mume wangu, wote wawili nyuma ya pikipiki moja. Mambo kati ya watu wa mlimani na wa ziwani yalikuwa yameshaharibika. Tulikuta kamba imefungwa barabarani, vijana wenye mapanga, na kikapu cha ndagala juu ya jiwe. Niliposema wewe ni ndugu yangu, kijana wa mbele hakubisha. Alichagua samaki mmoja, akakunyooshea.

"Muntu ya mulimani unamupatia ndagala, unaangalia pua," aliwaambia wenzake. "Akule. Na kichwa."

Kijana yule sikuwahi kumwona. Maneno yake niliyajua.

Ulikula. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, vichwa na macho yake, pua yako imetulia, na muda wote ulinitazama mimi, si yeye.  Wakafungua kamba.

Pale Baraka, karibu na soko, ulishuka ukatapika. Ukajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Ile maneno ni yako," ukasema.

Hukupiga kelele. Ulitaka jibu moja tu, nami nilikuwa nalo. Lakini niliogopa, nikajibu, "Hapana, bantu bote banayasemaka." Kwa siku ile hata haukuwa uongo, walikuwa wameshayasema wote. Kesho yake ulipanda boti bila kuniaga. Na nikwambie kweli, nilikukasirikia kwa hilo. Ungenitukana! Ungenipiga kofi pale sokoni, ningejua pa kuanzia.

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule anacheka. Akanieleza jinsi wanavyowatambua watoto wa wakimbizi wa kutoka Burundi: mifuko yao ya madaftari imeshonwa kwa turubai la hema. Ukiona turubai, unaziba pua.

"Mama, ni muzaha tu," alisema alipoona uso wangu.

Nilimkalisha chini nikamsimulia: sahani, kamba, kikapu, vichwa vitatu. Hata kwamba mzaha ule ulikuwa wangu sikumficha. Alichezea kamba ya kiatu chake.

"Na we ulimuambia ni yako?"

Sikukuambia. Miaka yote hii nimekuombea, nimekuulizia kwa kila anayevuka ziwa, lakini hilo moja sikulisema. Huna haja ya kunijibu wala kunisamehe. Uwe mzima tu huko uliko, na kilicho sahanini mwako kichaguliwe na mkono wako mwenyewe.

Maneno yale ni yangu. Niliyasema mimi, wa kwanza, mdomo umejaa ugali, nikitaka wacheke.

Pacha wako wa dawati